Mpelelezi au Mbeya? Mma Ramotswe, Bwana Msa na Suala la Ushahidi

Utangulizi

Jumamosi moja katika muhula wa pili niliwaonyesha wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, hapa Eldoret, filamu ya kwanza ya tamthilia ya televisheni iitwayo The No. 1 Ladies' Detective Agency. Nia yangu ilikuwa ya kawaida. Tulikuwa tumemaliza mada ya wahusika na uhusika, nami nilitaka waone jinsi mhusika anavyojengwa kwa matendo na mazungumzo yake. Filamu ilipokwisha, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyu mama ana tofauti gani na mbeya? Kazi yake si kuulizauliza mambo ya watu na kujua nani anatembea na mume wa nani?"

Darasa liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini sikuwa na jibu la kuridhisha. Nilimwahidi kwamba tutalijadili swali lake wiki iliyofuata. Makala haya ni jibu hilo, lililopanuliwa kwa ajili ya walimu wenzangu na watahiniwa. Yanadhamiria kuonyesha kwamba tofauti kati ya mpelelezi na mbeya ndiyo moyo wa hadithi za aina hii, na kwamba ndiyo pia tofauti kati ya jibu zuri na jibu duni katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3).

Usuli wa tamthilia

Tamthilia hii inatokana na riwaya za Alexander McCall Smith, mwandishi aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1948, akawa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na akawahi kufundisha sheria nchini Botswana. Riwaya ya kwanza ilichapishwa mwaka 1998. Filamu ya kwanza iliongozwa na Anthony Minghella, ambaye pia aliuandika mswada wake pamoja na Richard Curtis. Ilionyeshwa na BBC nchini Uingereza tarehe 23 Machi 2008, siku ya Pasaka, siku tano tu baada ya Minghella kufariki. Vipindi sita vilivyofuata vilitolewa mwaka 2009 na BBC kwa ushirikiano na HBO ya Marekani. Tamthilia haikuendelezwa baada ya hapo.

Mandhari ni Gaborone, mji mkuu wa Botswana, na picha zilipigwa huko huko. Mhusika mkuu, Precious Ramotswe, anaigizwa na Jill Scott, mwanamuziki wa Marekani. Karani wake, Grace Makutsi, anaigizwa na Anika Noni Rose, naye pia ni Mmarekani. Fundi wa magari, Bwana J.L.B. Matekoni, ambaye anampenda Mma Ramotswe kwa upole na subira, anaigizwa na Lucian Msamati, mwigizaji mwenye asili ya Tanzania.

Muhtasari wa kisa

Obed Ramotswe, aliyewahi kufanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, anafariki na kumwachia bintiye wa pekee ng'ombe wake. Binti anawauza ng'ombe hao na kufungua ofisi ya upelelezi mjini, ya kwanza kumilikiwa na mwanamke nchini humo. Hana mafunzo ya polisi. Ana gari dogo jeupe, birika la chai, kitabu cha mwongozo wa upelelezi na uzoefu wa maisha. Mwenyewe aliwahi kuolewa na mwanamume aliyempiga, na akampoteza mtoto wake mchanga.

Wateja wanaanza kumjia. Mke anataka kujua nyendo za mumewe. Mtoto wa mwalimu ametoweka, na inashukiwa kwamba ametekwa na watu wanaotengeneza dawa za kishirikina kwa viungo vya binadamu. Mma Ramotswe anayatatua matatizo haya moja baada ya jingine kwa kuuliza, kusikiliza na kungoja.

Mpelelezi wa nyumbani kabla ya televisheni

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kumwona Mma Ramotswe kama kiumbe kigeni. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, alituletea mpelelezi wa namna hiyo mapema. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ilifuatwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo.

Mpelelezi wake, Bwana Msa, si askari. Askari yupo, naye ni Inspekta Seif. Bwana Msa ni mtu wa mjini tu, mwenye kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Wahakiki wamerudia mara nyingi kwamba kiko na rafiki huyo vimetokana na Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Ni kweli, lakini tukikomea hapo tutakuwa tumeeleza mavazi ya mhusika bila kumweleza mhusika.

Hebu tutazame anwani mbili za mwanzo. Mzimu ni mahali pa kutambikia, panapoogopwa. Giningi, katika imani za Unguja, ni makao ya wachawi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya tajiri mwenye mashamba inapatikana kwenye mzimu, na kichwa kimetenganishwa na kiwiliwili. Umma tayari una jibu: mahali hapa ni pa kutisha, na mambo ya kutisha hutokea. Bwana Msa halikubali jibu hilo. Wala hawacheki watu kwa imani yao, bali anauliza ni mwanadamu gani anayenufaika watu wakiamini hivyo.

Hapa ndipo tunapoanza kumjibu mwanafunzi wangu. Tunayo methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja." Mbeya huishi kwa methali hii. Kwake yeye, kusemwa kwa jambo ndio ushahidi wa jambo. Mpelelezi hulisikia lile lile lisemwalo, lakini huuliza: nani amelisema, alilijuaje, na anapata faida gani likisadikiwa?

Mma Ramotswe na jaribio la damu

Kisa kimoja katika riwaya ya kwanza ya McCall Smith kinaonyesha jambo hili waziwazi. Mwanamke mwenye kazi nzuri anatembelewa na mzee anayedai kuwa baba yake aliyepotea miaka mingi. Anampokea, anamlisha na kumtunza. Baadaye anaingiwa na shaka. Mbeya angeeneza habari kwamba yule mzee ni tapeli, na huenda angesadifu. Mma Ramotswe anafanya jaribio. Anavaa sare ya muuguzi, anamwendea mzee na kumwambia kwamba binti yake amepata ajali, kwamba anahitaji damu ya baba mzazi, na kwamba kiasi kinachohitajika kitamuua mtoaji. Mzee anakiri papo hapo kwamba yeye si baba.

Wanafunzi wengi wataikumbuka hukumu ya Mfalme Suleimani juu ya wanawake wawili na mtoto mmoja. Mantiki ni ile ile: mzazi wa kweli hujulikana kwa kile alicho tayari kupoteza. Lakini mtahiniwa makini hataishia kusifu. Kuna kinaya hapa, kwani anayetafuta ukweli ametumia uongo. Aidha, tunaweza kuuliza kama mtu anayekataa kufa amethibitishwa kweli kwamba si mzazi. Ni kukiri kwake kunakofunga kesi, si kukataa kwake. Swali kama hili ndilo linalompa mtahiniwa alama za juu.

Tuangalie pia nani anaambiwa matokeo. Jambo hili linabaki kati ya mzee, mteja na mpelelezi. Halipelekwi sokoni. Mpelelezi humwambia anayestahili kujua, tena baada ya kuthibitisha. Mbeya humwambia kila anayesikiliza, tena kabla ya kuthibitisha. Hiyo ndiyo tofauti ya pili.

Maudhui yanayotugusa

Uchambuzi wa tamthilia hii haukamiliki bila kutaja maudhui mawili yaliyowashughulisha sana wanafunzi wangu.

Kwanza ni urithi wa mtoto wa kike. Hapa Uasin Gishu ng'ombe si mali tu, ni jina la ukoo. Wavulana kadhaa walishangaa jinsi binti alivyowarithi ng'ombe wa babaye, na zaidi jinsi alivyowauza bila kuulizwa na yeyote. Wasichana hawakushangaa, walinyamaza. Niliwakumbusha kwamba mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, ikiketi papa hapa Eldoret, iliamua katika kesi ya familia ya eneo hili kwamba mabinti walistahili kurithi ardhi ya baba yao sawa na wana wa kiume, na kwamba hoja ya kuwa wataolewa haikutosha kuwanyima. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 imeuimarisha usawa huo. Katika tamthilia, jambo hili halihubiriwi. Linafanyika tu, na kisa chote kinajengwa juu yake: bila urithi wa binti hakuna ofisi, na bila ofisi hakuna hadithi. Kwa lugha ya uhakiki, dhamira imebebwa na msuko.

Pili ni elimu na ajira. Mma Makutsi alipata asilimia 97 katika chuo cha makarani, alama ambazo anazitaja mara kwa mara. Hata hivyo alihangaika kupata kazi, huku waliopata alama za chini wakiajiriwa kwa sababu ya sura zao. Watazamaji hucheka kila anapozitaja alama hizo. Darasani kwangu kicheko kilififia mapema. Watahiniwa wetu wana kaka na dada wenye shahada walioko nyumbani, nao waliielewa kejeli hiyo upesi kuliko nilivyotarajia. Anachopewa Mma Makutsi na mwajiri wake si huruma. Ni mtu wa kwanza kuichukulia bidii yake kuwa ushahidi wa uwezo wake.

Lugha na adabu

Wahusika wanazungumza Kiingereza, lakini "Mma" na "Rra", yaani majina ya heshima ya Kitswana kwa mwanamke na mwanamume, hayaachwi. Hakuna anayeulizwa swali kabla ya kusalimiwa. Mtazamaji wa Nairobi mwenye haraka huenda akaona salamu hizi kama kupoteza wakati. Mimi naziona kuwa mbinu ya upelelezi. Mtu anayesalimiwa ipasavyo hutulia, na aliyetulia husema zaidi ya alivyokusudia. Vivyo hivyo Bwana Msa hupata mengi katika mazungumzo yasiyo ya haraka kuliko Inspekta Seif anavyopata kwa cheo chake.

Tulinganishe na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona (1974), Gamba anatumwa na serikali kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, na kazi yake inahitaji bastola na mbio. Huo ni ujasusi, nao una ladha yake. Gamba hupita katika mji wa watu. Mma Ramotswe na Bwana Msa hawana pa kwenda kesi ikiisha: wataendelea kukutana na mshukiwa, mamake na shangazi zake dukani na kwenye mazishi. Kwa hiyo hawawezi kumtuhumu mtu ovyo.

Udhaifu wa tamthilia

Uhakiki usiotaja udhaifu huwa tangazo la biashara. Nitataja mitatu.

Kwanza, wanawake wawili wakuu wanaigizwa na Wamarekani walioifunza midomo yao matamshi ya Botswana. Wameigiza vizuri, lakini mtazamaji anabaki kujiuliza kama hakukuwa na Mma Ramotswe kati ya Wabotswana wenyewe.

Pili, picha ni safi mno. Serikali ya Botswana ilichangia fedha ili tamthilia ipigwe picha nchini humo. Hilo si kosa, ila linaeleza kwa nini anga ni samawati daima na barabara hazina taka. Tunaoneshwa nchi kama inavyopenda kuonwa na mgeni.

Tatu, na huu ndio mkubwa, ni wepesi wa suluhisho. Suala la mtoto aliyetekwa kwa ajili ya dawa ni zito kupita kiasi. Mtoto anapatikana hai, muziki unapigwa, chai inanywewa. Katika maisha mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 2008, mwaka ule ule filamu ilipoonyeshwa, mwanahabari wa BBC nchini Tanzania, Vicky Ntetema, alijifanya mteja na kuwaendea waganga ili kufichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Hakumaliza kazi yake kwa kikombe cha chai. Alitishiwa maisha na kulazimika kujificha. Mwaka 2010 alitunukiwa tuzo ya ujasiri ya wakfu wa kimataifa wa wanahabari wanawake. Tukiwasomea wanafunzi kisa chake baada ya filamu, wataona kile ambacho tamthilia ya kuburudisha imekifunika.

Suala la ushahidi na sisi

Narudi kwa swali la mbeya, kwa sababu hapa Eldoret si swali la mzaha tu. Mwanzoni mwa mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Sitasimulia yote. Nitasema tu kwamba katika wiki zile habari zilipita kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu: wale wanajipanga, hawa wameshafika daraja fulani. Hakuna aliyeuliza nani ameona. Watu walioishi jirani kwa miaka, waliojua majina ya watoto wa wenzao, waliacha kuuliza wakaanza kuamini. Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, lakini waliokwisha kufa hawakurudi, na wengi waliohama hawakurudi pia.

Kumjua jirani, basi, si jema wala baya kwa lenyewe. Ujuzi ule ule anaoutumia Mma Ramotswe kumrudisha mtoto kwa mzazi wake unaweza kutumiwa kuonyesha nyumba ya kuchomwa. Kinachotenganisha matumizi hayo ni hatua moja ndogo katikati: kuthibitisha kabla ya kusema. Nilipomweleza hivyo yule mwanafunzi aliyeuliza, hakucheka. Yeye alizaliwa baada ya mwaka huo, lakini nyumbani kwao bado unatajwa.

Funzo kwa mtahiniwa

Mtahiniwa anayeandika, "Mhusika huyu ni mnafiki," kisha akahamia hoja nyingine, amefanya umbeya. Huenda anasema kweli, lakini hajathibitisha. Afuate njia ya Bwana Msa:

(a) Ataje hoja yake kwa uwazi.
(b) Aonyeshe tendo au usemi katika kitabu unaoithibitisha.
(c) Aeleze jinsi ushahidi huo unavyoithibitisha hoja, bila kudhani kwamba msomaji ataona mwenyewe.
(d) Ajiulize kama ushahidi huo huo hauwezi kumaanisha jambo jingine.

Hatua ya nne ndiyo inayoachwa sana, nayo ndiyo inayompambanua mhakiki. Tukumbuke lile jaribio la damu.

Hitimisho

Riwaya na tamthilia za upelelezi zimeitwa "pendwa", na mara nyingi neno hilo hutumiwa kuzishusha. Makala haya hayadai kwamba The No. 1 Ladies' Detective Agency ni kazi isiyo na dosari. Tumeona dosari zake. Yanadai tu kwamba mwalimu akimweka Mma Ramotswe kando ya Bwana Msa, anapata somo la ushahidi ambalo wanafunzi watalisikiliza bila kulazimishwa. Nakala za Abdulla zimekuwa adimu katika maktaba nyingi za shule zetu. Mwalimu aliye na moja asiifungie kabatini.

Maswali ya marudio

1. "Lisemwalo lipo." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea riwaya yoyote ya upelelezi uliyoisoma. (alama 20)
2. Linganisha Bwana Msa na Inspekta Seif kama wahusika wanaotafuta ukweli. (alama 10)
3. Mpelelezi anayetumia uongo ili kupata ukweli ana haki ya kufanya hivyo? Toa hoja za pande zote mbili. (alama 10)
4. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta babaye hadi Kitale. Onyesha vipengele vya upelelezi katika safari hiyo. (alama 10)